Sanduku la Jua na Thawabu Zangu za Futari

Kabati, Kitui
Mfungo Mosi, yaani Shawali, Julai 1950

Kwa Bwana Mhariri, uliyejaliwa wino mwingi na subira ya kusoma mambo ya watu,

Salaam zikufikie hapo Nairobi, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku hatujambo, ila baridi na mawingu. Nasikia u kijana bado, kwa hiyo utanisamehe nikiteleza nikakuita mwanangu. Ni mazoea ya mdomo, na naona mkono nao umeyashika. Mimi ni Sauda binti Athman, mjane. Chuo cha Kurani nilisoma mpaka nikahitimu. Shule nilisoma mpaka darasa la nne, ambapo mwalimu alisema inatosha, na mama yangu akasema imezidi. Sijawahi kuandikia gazeti. Magazeti hapa kwetu tunafungia chumvi, na lako, niseme ukweli mbele ya Mungu, ndilo halivuji.

Nalalamika juu ya maabara.

Kama hujui maabara ni nini usione haya, hata mimi sikujua. Ni nyumba ambamo watu waliosoma sana hufanya kwa shida jambo ambalo wasiosoma hulifanya kila siku, kisha wakishindwa hupeana mikono. Idara moja ya serikali, ambayo sitaitaja kwa kuwa nimelelewa, ilikodi ghala la zamani la ngozi nyuma ya soko letu, ikalipaka chokaa, ikaandika mlangoni kwamba humo yanafanywa majaribio ya joto. Harufu ya ngozi haikupakwa chokaa, ipo mpaka leo. Mkubwa wa nyumba hiyo ni Mzungu mrefu, mpole, mwenye shingo nyekundu. Watu wanamwita Bwana Joto, naye anajua na haoni vibaya. Msaidizi wake ni Jonah, mwana wa Kikima kule Mbooni, mtu mzima mwenye mke, aliyesoma mpaka akavikwa koti jeupe.

Hawa wawili wameunda sanduku la chuma na kulijaza mawe. Kuna vioo vikubwa vya bati vinavyolirushia jua mchana kutwa mpaka mawe yashike moto. Sanduku limevikwa majivu na katani, mfano wa mgonjwa wa homa, ili joto lisitoke. Unateleka chungu juu yake tangu mchana, nacho kinachemka bila kuni mpaka jua litue. Ndivyo inavyosemwa. Bwana Joto alitueleza kwamba ni kama tangi la kukinga maji ya mvua, ila hili linakinga jua. Nikafikiri moyoni: mtu amekuja Kitui, ambako watu wanalia maji, na tangi la kukinga jua. Lakini nikanyamaza, maana alikuwa mgeni.

Ugomvi wangu, Bwana Mhariri, si na jua. Ugomvi wangu ni kwamba sanduku hilo limechukua thawabu zangu za Ramadhani nzima, na wanasema watalileta tena mwaka ujao. Nitapanga malalamiko kwa nambari, kwa sababu Jonah aliniambia kwamba jambo lisilo na nambari maabara hawalioni.

1. Kwanza, jinsi lilivyoingia msikitini.

Bwana Joto alikuwa anatafuta watu wanaokula jua likishatua, si kabla wala si baadaye sana, kila siku, mwezi mzima, ili ajue kama mawe yake yanaweza kuweka joto la mchana mpaka magharibi. Alikuwa karibu kukata tamaa. Majirani zetu Wakamba wanakula njaa ikiwauma, jambo la busara lakini halipimiki. Wale wa misheni wanakula maombi yakiisha, na maombi ya hapa hakuna anayejua yataisha saa ngapi. Ndipo mtu mmoja, Mungu amsamehe, akamwambia: wako Waislamu wa Kabati, na mfungo unaingia.

Basi akaja msikitini kwetu kofia mkononi, akaongea na mwenyekiti wa kamati, Bwana Yakub. Yakub ni shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, kwa hiyo nitamsema kwa upendo. Ni mtu ambaye ukimwita mwenyekiti mara mbili anakupa shati lake. Bwana Joto alimwita mshiriki wa utafiti. Yakub akampa uwanja wa msikiti.

Uwanja huo ndipo palipokuwa na mafiga yangu. Tangu Salim wangu afariki, mimi ndiye ninayepika futari ya wanaume wote wanaofuturu pale, wenyeji na wasafiri, wachuuzi wa Kitui mjini na madereva waliokwama. Uji, mihogo, na mbaazi. Na sipiki kwa sababu ya sifa. Wazee wetu wametufundisha kwamba anayemfuturisha aliyefunga anaandikiwa thawabu kama za yule aliyefunga, na za yule hazipungui. Mimi nia yangu ni moja tu: zote ziende kwa Salim. Kati yako na mimi, mwanangu, Salim anazihitaji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa usingizi. Swala ya alfajiri ilimpita kama lori linavyompita mtu barabarani, likamwachia vumbi, naye akageuka upande wa pili. Nilimwamsha miaka yote ya ndoa yetu. Sasa siwezi kumwamsha, lakini naweza kumpikia.

Na kila jioni, watu wakishamaliza kula, Maalim Abdulkadir alikuwa akiinua mikono na kusema: Ewe Mola, mlipe Sauda kwa kutufuturisha, na umrehemu Salim wake. Msikiti mzima unasema amina. Mimi niko nyuma ya ua nakosha vyungu, nasikia ile amina, na nakuapia sabuni yenyewe ilikuwa ikipata baraka.

Basi mafiga yangu yaling'olewa. Sikuulizwa. Nilikwenda siku ya kuandama mwezi nikayakuta yameegemezwa kwenye vioo ili upepo usiviangushe. Mafiga, Bwana Mhariri! Yaliyopika tangu vita viishe, sasa yamekuwa walinzi wa kioo.

2. Sanduku halikupika.

Siku za kwanza za Ramadhani, mbaazi zilitoka zikiwa ngumu kama zilivyoingia, ila zimelowa. Mihogo ilikuwa na kiini. Wanaume walifungua kwa tende na maji, wakaswali, wakakaa kwenye mkeka, wakatia mkono sahanini, na pakawa na sauti ambayo sijapata kuisikia kwenye futari: kokoto. Wazee walikuwa wakimeza mbaazi nzima nzima, wamefumba macho, kama watoto wanaopewa kwinini.

Nami nilidhani Bwana Joto atajificha kwa haya. La. Alikuwa anapita katikati ya watu anatabasamu, ameshika kile kijiti chake cha kioo cha kupimia moto, anamwambia Jonah aandike. Nikamuuliza Jonah, "Mwanangu, anafurahia nini na watu hawakula?" Akanijibu, "Mwaitu," yaani mama kwa Kikamba, "amepata matokeo."

Kwangu mimi mbaazi mbichi zinaitwa aibu. Kwao zinaitwa matokeo. Natamani ningelijua neno hilo nilipokuwa mwali. Mama mkwe wangu angelionja pilau langu la kwanza, akanuna, nami ningelimwambia: usikasirike mama, haya ni matokeo.

Mbaazi hizo nazinunua kwa rafiki yangu Nthenya, mkulima wa Migwani, mtu wa kanisa lakini tunapendana. Alipozisikia habari hizo alisimama katikati ya soko, kyondo kichwani, akapaza sauti ili na wauza nyanya wasikose: "Sauda! Mbaazi zangu zimewakosea nini mkazinyima moto?" Nikamwambia ziko kwenye utafiti. Akasema, "Basi nipe za kwangu kabla hazijafeli." Watu walicheka mpaka muuza mbuzi akasahau bei. Hilo nalo namdai nani?

3. Chumvi, na habari ya kuonja.

Walikataza chumvi. Narudia kwa sababu najua utadhani nimekosea kuandika: walikataza chumvi. Nilipokuja na kibaba changu, Jonah alinizuia mlangoni mwa uwanja kwa heshima, mikono yote miwili. "Mwaitu, chumvi inabadilisha kiwango cha kuchemka." Nikamwambia, "Nayo inabadilisha kiwango cha kulika." Akaandika hilo pia! Kijana yule anaandika kila kitu.

Kisha ikaja habari ya kuonja. Walitaka kujua mbaazi zinalainika saa ngapi. Basi mchana wa kwanza wa Ramadhani, jua la utosi, Jonah akatoka na kijiko akasimama mbele ya wanaume waliokuwa wametoka kuswali adhuhuri, akauliza: "Nani ataonja?" Msikiti mzima ukamtazama. Yeye akadhani hawakusikia. Akauliza tena, na safari hii akainua kijiko juu. Yakub, mshiriki wa utafiti, ndiye aliyemshika mkono taratibu akamrudisha kivulini.

Tangu siku hiyo ikabidi aonje Jonah mwenyewe. Aonje adhuhuri, aonje kabla ya alasiri, aonje baada yake, na sisi midomo imekauka tunamwangalia. Mwezi wa watu kukonda, yeye alinenepa. Koti lile jeupe lilianza kukataa vifungo. Simchukii, ni kijana mwenye adabu na nasikia anamheshimu mkwewe. Lakini nakuuliza: Ramadhani gani hii ambayo mtu pekee aliyeshiba futari ni Mkristo wa Kikima, tena saa nane mchana?

4. Kisha sanduku likaanza kupika, na hapa ndipo nilipoumia zaidi.

Usishangae. Sanduku baya ningelivumilia. Watu wangelikula mbaazi mbichi siku chache, wangelikuja wenyewe kunibembeleza, ningelikataa mara moja kwa ajili ya heshima, kisha ningelirudi. Lakini baada ya zile siku za kwanza likabadilika. Mbaazi zikaanza kutoka laini. Mihogo ikawa inapasuka yenyewe. Hata ladha ya chumvi ikaonekana imejileta, na Bwana Joto akasema huenda ni udongo wa chungu.

Likazidi kuwa zuri. Siku moja mawingu yalifunga tangu alfajiri, yale mawingu yetu ya mwezi huu, ya kijivu, ambayo hayanyeshi na hayaondoki. Vioo vilikuwa havimuoni hata anayevifuta. Nikasema leo wamekwisha. Wapi! Siku hiyo ndiyo sanduku lilipika vizuri kuliko siku zote. Mbaazi zilikuwa kama siagi. Bwana Joto aliweka mkono juu ya chuma akauondoa upesi, akapiga mluzi, akatembea peke yake kuzunguka msikiti, kisha akarudi akasema sasa ameelewa: mawe yalikuwa bado yameshika joto la juzi. Jonah akanigeukia, macho yanang'aa, akasema, "Mwaitu, mawe yana kumbukumbu." Nikamjibu, "Heri yao. Watu wa Kabati wameshanisahau."

Kwa maana walikuwa wamenisahau. Jioni hiyo Yakub alisimama kabla ya dua akatoa hotuba. Alisema, "Ndugu zangu, tumeishi mpaka tumeona jua likifuturisha." Akasema Kabati itatajwa Ulaya. Kisha Maalim Abdulkadir akainua mikono, akaanza kama kawaida, Ewe Mola, walipe waliotufuturisha, na mimi nyuma ya ua nikaacha kukosha, nikasubiri jina. Yakub akamgusa Maalim kwa kiwiko. Nilimwona kwenye tundu la makuti. Maalim ni mzee, anamsikiliza mwenyekiti. Akasema: na ulibariki sanduku hili.

Wakasema amina.

Bwana Mhariri, wameliombea sanduku. Chuma na mawe! Na Salim wangu, aliyelala pale nyuma ya soko, ambaye hana mtoto wala mtu mwingine wa kumkumbuka ila mimi, hakutajwa siku hiyo, wala kesho yake, wala mpaka mwezi mwingine ulipoandama. Nilikwenda nyumbani nikakaa juu ya kinu. Sikulia. Nilikuwa nimefunga tangu alfajiri, machozi yenyewe hayakuwapo.

5. Sasa, thawabu ziko wapi?

Hili ndilo swali ninalotaka serikali ijibu, maana sanduku ni la serikali. Thawabu za kufuturisha watu wa Kabati mwezi mzima haziwezi kupotea. Kwa Mungu hakuna kinachopotea. Basi zimeandikwa kwa jina la nani?

Si jua. Jua ni mtumwa, linatoka likiambiwa na kuzama likiambiwa, halina nia. Tena nimelifikiria sana jua hili katika habari hii nikaona lina hila. Mchana kutwa ndilo linalotukausha koo na kutuumiza kichwa, halafu jioni ndilo linalojidai kutulisha. Ni kama mtu aliyekuibia mbuzi kisha akakualika mchuzi.

Si Bwana Joto. Yeye si wa dini yetu na hakufunga, ingawa siku moja aliacha chai yake kwa kutuheshimu, akaumwa kichwa, akaenda kulala.

Si Jonah. Habari zake nimekwisha kueleza.

Si Yakub, kwa kuwa alichotoa ni hotuba, na hotuba haifuturishi mtu, inamchelewesha tu. Nilimwendea nikamuuliza kwa adabu, "Shemeji, thawabu za futari za mwaka huu ni za nani?" Akashika ndevu, akaniambia, "Shemeji, thawabu hizo ni za maendeleo." Nikamuuliza Maendeleo ni mtoto wa nani hapa Kabati. Akaondoka.

Basi yamebaki mawe. Na kama ni mawe, ndugu yangu, hebu tuseme wazi: siku ya Kiyama mawe ya maabara yatapita mbele ya mume wangu kuingia peponi, yamebebwa kwa toroli, na Salim amesimama pembeni anapiga miayo. Mimi silikubali hilo.

Kwa sababu hizo naiomba idara hiyo, kwa unyenyekevu, ifanye yafuatayo:

(a) Ipime thawabu. Wasiniambie haziwezi kupimwa kwa kuwa hazionekani. Joto nalo halionekani, na wanalo kijiti. Watafute kijiti kingine.

(b) Bwana Joto aandike hati, aitie muhuri, kwamba maabara haidai thawabu yoyote ya futari ya Kabati, ya leo wala ya kesho, na kwamba zilizokuwa zimeingia kwake kwa bahati mbaya anazirudisha zote kwa marehemu Salim. Hati hiyo Yakub ataisoma kaburini kwa sauti, bila hotuba.

(c) Kama wanataka sanduku lao lipike Ramadhani ijayo, basi kwanza lenyewe lifunge. Mwezi mzima lisipewe jua. Kisha kila siku kabla ya kutelekwa chungu litamke nia, mbele ya mashahidi wawili waume, au mmoja mwanamume na wanawake wawili, nami niko tayari kuwa mmoja wao.

(d) Sanduku likishindwa kutamka, liondolewe, na mafiga yangu yarudi mahali pake, yakiwa yamefutwa.

(e) Na kwa siku zile za mbaazi za kokoto, kila aliyezimeza ahesabiwe kuwa alifunga siku mbili mbili, kwa kuwa ya mchana alifunga kwa hiari na ya usiku alifungishwa na serikali.

Haya si mambo makubwa. Serikali inayoweza kukinga jua kwenye tangi haiwezi kushindwa na hati moja.

Nisikuchoshe. Wasalimie wale wanaopanga herufi, nasikia ni kazi ya kuumiza macho. Wawe wanakula karoti. Msalimie mama yako kama yu hai, na kama hayuko, mpikie mtu kwa jina lake. Nthenya anakusalimia, anauliza kama hapo Nairobi mbaazi nazo zinafanyiwa utafiti au zinaliwa. Maalim Abdulkadir anakusalimia. Jonah nilimwambia naandika kwa gazeti naye akafurahi, anakusalimia, hajui ni habari gani. Hata Yakub namtolea salaam, kwa kuwa kukata undugu ni dhambi.

Ni mimi mama yako kwa umri na ndugu yako kwa haki, ninayeombea haki hiyo ifike kabla ya mwezi mwingine wa mfungo,

Sauda binti Athman
Mjane wa Salim

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha, ikabidi niifungue kwa mvuke wa chai. Mambo mawili yametokea tangu nilipotia sahihi.

La kwanza, nilimwendea Maalim Abdulkadir kwa swali la kidini. Nilimwuliza kwa mfano tu. Nikamwambia: tuseme kuna mwanamke fulani, na kuna sanduku fulani. Mwanamke huyo alimwona mzee mmoja asiye na meno akimeza mbaazi mbichi huku machozi yanamtoka, roho ikamwuma. Basi tangu kesho yake akawa, baada ya alasiri, wenye makoti wakienda kunywa chai, anaingia uwanjani na karai la makaa, anayatia ndani ya sanduku kwa chini, na chumvi kidogo chunguni. Hakulifanyia sanduku, alifanyia meno ya wazee. Na ikiwa siku ya mawingu anaongeza karai la pili, kwa hofu. Je, Maalim, huyo mwanamke anapata chochote, ikiwa chungu si chake, na mafiga yamechukuliwa, na dua imekwenda kwa mwingine?

Maalim alichezea tasbihi. Kisha akasema, "Mwambie huyo mwanamke fulani kwamba chuma hakina thawabu na mawe hayana. Aliyetia moto ndiye mpishi. Zote ni zake, na akimnuia marehemu wake zimekwisha kumfikia, tena nono, kwa kuwa alizitoa pasipo mtu kumwona. Ila mwambie afunge mdomo. Akijitangaza atazipunguza." Kisha akasema, "Mbaazi za siku ya mawingu zilikuwa tamu sana." Nikarudi nyumbani mbio kama msichana. Salim wangu amepata zote, Bwana Mhariri! Kwa hiyo tafadhali futa nambari ya tano, na hati siihitaji tena, na nikifikiria vizuri naona nambari nyingine nazo hazina kazi.

La pili, Jonah alikuja sasa hivi anakimbia, koti limeachia kifungo cha mwisho. "Mwaitu, tumefaulu!" Bwana Joto amepeleka habari kwamba sanduku linapika jua liwepo lisiwepo, na serikali imekubali. Ramadhani ijayo yanapelekwa mengine Mwingi, na Migwani, na Kitui mjini, na kwetu Kabati linabaki hili hili. Nikamshika mkono. Nilikuwa nawaona wazee wa Mwingi, wamefumba macho.

Basi barua hii usiichape yote. Chapa hapa tu, kwa herufi kubwa kidogo kwa ajili ya wasioona vizuri:

Kina mama wa Mwingi, Migwani na Kitui, asalaam aleikum. Nyuma ya sanduku, chini kabisa, kuna kamlango ka kutolea vumbi. Kanafunguka kwa kuinuliwa, si kwa kuvutwa. Tieni makaa ya mgunga, hayana moshi. Wakati mzuri ni wanapokwenda chai. Kukiwa na mawingu ongezeni, maana siku hiyo ndiyo wanapima kwa makini. Chumvi ifungeni kwenye pembe ya leso. Nia semeni kimoyomoyo, na kila mmoja amtaje marehemu wake. Kisha mnyamaze, kama mimi.